Kifungu Nilichokirudisha Kimya Kimya

Kila asubuhi, kabla sijaenda chuoni, kazi yangu ni kumtungia dada yangu uzi kwenye sindano ya cherehani. Zamani alikuwa akiutunga mwenyewe huku anaongea na wateja, macho yako kwingine kabisa. Siku hizi mimba imekua, tumbo linafika mezani kabla yake, na akiinama mgongo unamgombeza. Basi mimi nainama, yeye anasimama juu yangu na kikombe cha chai, ananisimanga.

"Profesa mzima, tundu la sindano linakushinda."

"Uzi wako umechambuka, dada."

"Uzi hauna neno. Ulambe kwanza. Huko chuoni hawakuwafundisha kulamba uzi?"

Asubuhi hiyo niliulamba, nikausokota, ukaingia nusu. Simu yangu ikalia pale mezani, katikati ya vipande vya kitambaa. Nikaona ni nani anayepiga.

Alikuwa Mama Tanbihi.

Huyu ni mwalimu wangu, aliyenisimamia masomo na ambaye sasa ninafundisha chini yake. Tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kusema mvua inanyesha bila kukutajia nani alisema hivyo kabla yake. Ndiye mwanzilishi wa blogu yetu, ambamo walimu wa uhusiano wa kimataifa huandika juu ya siasa za dunia, na juu ya yale ambayo wasomi wenzao wanayaandika kuhusu siasa hizo, kwa lugha ambayo mtu asiyekaa darasani ataielewa.

"Mwanangu, umekaa au umesimama?"

"Nimeinama, Mwalimu."

"Basi kaa. Kile kifungu chako kimeonekana."

Uzi ukachomoka.

"Kuna nini?" dada akauliza.

"Kazi tu," nikasema. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza siku hiyo, na hata jua lilikuwa halijafika dirishani.

Ninyi mnaofuata simulizi hii tangu mwanzo mnajua kwa nini nilidanganya. Wewe uliyefika leo nitakupa kwa ufupi, maana aibu ikisimuliwa kirefu sana inageuka majivuno.

Mimi ni mtu wa haya. Mkutanoni nikitaka kusema jambo, nalisema kwanza moyoni, na nikimaliza kulipanga naona mwingine ameshalisema. Blogu ndiyo iliyonipa mdomo. Mle ndani hakuna anayeniona nikimeza mate.

Niliandika makala kwamba nchi ya ng'ambo ya daraja, pamoja na vitisho vyake vyote vya redioni, haitafunga mpaka. Nilileta nadharia inayosema kwamba nchi zinazouziana chakula hazifungiani milango, kwa kuwa hata anayefunga naye hulala njaa. Makala ile ilisomwa kuliko zote nilizowahi kuandika. Ilisomwa hata kwenye yadi ya malori, ambako shemeji yangu, mume wa dada, ni dereva.

Alikuja kuniuliza mwenyewe. Nilikuwa nimempelekea chakula yadini, yeye anazunguka lori lake akigonga matairi kwa rungu, anayasikiliza kama daktari.

"Shemeji, makala yako nimeisoma. Mwanzo nimeelewa, mwisho nimeelewa, katikati nimekwepa kama shimo barabarani. Sasa niambie kwa lugha ya nyumbani. Niende nisiende?"

"Nenda, shemeji."

"Hawafungi?"

"Hawafungi."

Akamgeukia mwenzake aliyelala chini ya lori la jirani. "Umesikia? Mna msomi hapa mnahangaika na redio."

Akavuka. Kabla hajashusha mzigo, daraja likafungwa. Madereva wote wakakusanywa kwenye ghala moja la ng'ambo, funguo za magari zikachukuliwa na askari, na dada yangu akabaki na tumbo lake na cherehani yake, anashtuka kila mlango ukigongwa.

Kwenye blogu, maoni yakamiminika. Mwenzetu mmoja wa idara, tunayemwita Mzee Takwimu kwa kuwa haamini kitu kisichohesabika, aliandika sentensi moja tu: "Mwandishi huyu ana uhakika wa mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye foleni ya mpakani." Watu wakaipenda sentensi hiyo kuliko makala yangu yote.

Sasa, blogu yetu ina sheria mbili za Mama Tanbihi. Ya kwanza: kila makala lazima imalizike kwa kifungu kinachoitwa "Ninapoweza Kukosea," ambamo mwandishi anajipinga mwenyewe kwa haki. Ya pili: makala ikishatoka, ukibadilisha hata sentensi moja, unasema chini kabisa kwamba umebadilisha, na lini.

Kifungu changu nilikuwa nimekiandika. Kilikuwa kizuri, na ndicho kilichoniharibia raha. Nilipokisoma siku ya kuchapisha, niliona kinanifanya kama mtu anayebisha hodi halafu anakimbia. Mama Tanbihi alikuwa kitandani anaumwa, hakuna wa kunikagua. Nikakitoa. Makala ikatoka imesimama wima, haina mashaka hata chembe, na kesho yake shemeji akaniuliza niende nisiende.

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa mbele ya kompyuta ya idara, mlango nimeufunga, kile kifungu nimekipachika tena mahali pake chini ya tarehe ya zamani, kidole kiko juu ya kitufe. Wengi mmeniandikia kuuliza kama nilibonyeza.

Nilibonyeza. Na chini kabisa, pale pa kusema nimebadilisha nini na lini, sikuandika kitu.

Ndiyo maana Mama Tanbihi aliposema kifungu kimeonekana, nilijua nimekwisha.

"Nani amekiona, Mwalimu?"

"Uliza nani hajakiona. Yule bwana mkubwa wa fani yetu, ambaye vitabu vyake vilikutoa machozi mwaka wa kwanza, amekisambaza. Anasema katika wachambuzi wote aliowasoma, ni mmoja tu aliyekiri mapema kwamba daraja linaweza kufungwa, na akaeleza kwa nini. Huyo mmoja ni wewe."

Nikauokota uzi, nikaanza kuusokota upya.

"Unalia?"

"Hapana, Mwalimu."

"Lia tu. Mimi nimelia. Nilivyolala kule nilikuwa nawaza, hawa watoto wangu wataandika kile kifungu, au nikigeuka tu watakiruka? Mchana uje ukumbi wa semina. Idara yote itakuwepo."

Kama angekuwa ananivisha kilemba cha ukoka, ningejua la kujibu. Lakini Mama Tanbihi hasifu mtu kwa kumfurahisha. Alikuwa anaamini kila neno alilolisema.

Ukumbi wa semina una viti vya plastiki na feni moja inayogonga kila ikizunguka. Nilikaa karibu na mlango kama kawaida yangu. Mama Tanbihi akanionyesha kwa fimbo kiti cha mbele. Alikuwa amekonda, sweta linamning'inia mabegani, lakini sauti ni ile ile.

"Kabla hatujaanza," akasema, "kuna mwenzetu ameomba neno."

Mzee Takwimu akasimama. Nikaangalia viatu vyangu. Nilidhani ndiye atakayenifichua mbele ya watu, kwa sababu huyu bwana husoma makala kwa rula, mstari kwa mstari. Kama kuna mtu aliyejua kwamba kifungu kile hakikuwepo, ni yeye.

"Niliisoma makala hii siku ilipotoka," akaanza. "Niliisoma hadi mwisho. Na ningeweza kuapa kwamba kifungu hiki sikukiona."

Feni ikagonga. Nikasema moyoni, haya, limefika.

"Nimejiuliza sana jambo hili. Nikamwambia mke wangu, akaniambia hata chumvi siku hizi nasema haipo na ipo mbele yangu. Basi nimekubali. Macho yameanza kuniaga. Nitakwenda kupimwa." Akanigeukia. "Nilikukejeli mbele ya watu kwa kukosa jambo ambalo ulikuwa umeliandika. Niwie radhi, binti."

Watu wakapiga makofi kidogo, ya heshima.

Nilifungua mdomo. Naomba mniamini hapo tu, kama hamniamini pengine pote: niliufungua. Mtu mzima aliyeona sawasawa alikuwa anakwenda kupimwa macho kwa sababu yangu. Maneno yalikuwa matatu tu, "Hukukosea, mzee wangu." Nikaufunga tena.

"Usione haya, mwanangu," Mama Tanbihi akasema. "Simama utusomee kifungu chenyewe."

"Mwalimu, wote wameshakisoma."

"Kusoma ni kitu kimoja, kusikia ni kitu kingine. Hilo si langu, nitawapa chanzo baadaye."

Wakacheka. Nikasimama. Akanipa karatasi yenye kifungu.

"Ninaweza kukosea," nikasoma, "iwapo mtawala wa ng'ambo anawaogopa watu wake mwenyewe kuliko anavyoogopa hasara. Mtawala wa namna hiyo anaweza kulifunga daraja, si kwa sababu anatuchukia sisi, bali ili walio nyuma yake waone kwamba bado ana mkono wenye nguvu. Ikiwa ndivyo, nadharia yangu haitamsaidia mtu, na wa kwanza kunaswa watakuwa wale walio barabarani."

Makofi ya safari hii hayakuwa kidogo. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye maneno ya mwisho. Wale walio barabarani. Niliyaandika mwenyewe, na siku iliyofuata nikampelekea mtu wa barabarani chakula, nikamwambia nenda.

Nilipotoka kunawa uso, Mzee Takwimu alinishikia mlango.

"Umeandika vizuri," akaninong'oneza. "Mimi nisingethubutu kujipinga hivyo."

"Mzee, kuhusu macho yako..."

"Ah, usijali. Ni umri huo."

Akaondoka akipapasa mfuko wake kutafuta miwani, na mimi nikamwacha aondoke.

Nilimkuta Mama Tanbihi ofisini kwake, anakitoa kifungu changu peke yake na kukiweka juu kabisa kwenye ukurasa wa kwanza wa blogu, pamoja na picha yangu ile niliyoficha meno.

"Mwalimu, nakuomba tusikiweke mbele hivyo."

"Kwa nini?"

Hapo palikuwa mahali pangu pengine pa kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili, na huyu mama amenisomesha tangu sijui kutofautisha hoja na kelele.

"Naona aibu," nikasema.

Akatabasamu, akanipiga kofi dogo la mkononi. "Unyenyekevu wako utakumaliza, wewe mtoto." Akabonyeza.

Nikirudi nyumbani, huwa naisikia cherehani ya dada tangu kwenye kona ya mtaa. Inaunguruma, inatulia, inaunguruma, na kwa mlio wake naweza kujua kama anashona upindo au mkono wa gauni. Alasiri hiyo nilifika kwenye kona, sikusikia kitu. Nilifika mlangoni, kimya.

Dada alikuwa amekaa mbele ya cherehani, futi ya kupimia imemzunguka shingoni, gauni la mteja liko mapajani halina mkono mmoja. Mkononi ameshika simu.

"Karibu, mtabiri."

"Dada..."

"Vua viatu uje unisomee hiki. Leo macho yangu hayataki."

Akanipa simu. Kifungu changu, na picha yangu ya kuficha meno. Kilikuwa kimetumwa kwenye kundi la simu la wake wa madereva.

"Ametuma mke wa yule mwenzake wa lori la jirani," dada akasema. "Ameniandikia hongera. Anasema, kumbe wewe dada yetu una mtu ndani aliyeona hili mapema. Nikamjibu asante. Halafu nikakaa nikafikiri, nasema asante ya nini?"

"Dada, ngoja nikueleze."

"Nisomee kwanza tarehe hapo juu."

Nikaisoma.

"Hiyo ni kabla mume wangu hajaondoka, au baada?"

"Kabla."

"Kabla." Akaitoa pini moja midomoni, akaichoma kwenye kimto taratibu. "Na aliyemwambia nenda alikuwa nani? Ukuta?"

Mnajua mtu akikukasirikia kwa kelele unaweza kujificha nyuma ya kelele zake. Dada yangu hakupaza sauti. Alikuwa ananitazama kama anavyomtazama mteja aliyeleta kitambaa kifupi na anataka gauni refu.

"Mama alipokuwa kazini mimi ndiye niliyekubeba mgongoni," akasema. "Nimekaa hapa tangu mchana najiuliza, yule niliyembeba ndiye huyu? Aliandika kabisa kwamba watu watanaswa, akaweka na tarehe, halafu akamtazama mume wangu machoni akamwambia nenda?"

"Niliongeza baadaye."

Lilinitoka bila kulipanga.

"Nini?"

"Hicho kifungu. Siku makala ilipotoka hakikuwemo. Nilikiongeza juzi, daraja likiwa limeshafungwa. Tarehe ni ile ile ya zamani kwa sababu sikuibadilisha. Watu walikuwa wananicheka, dada. Nikataka waache kunicheka."

Dada alinikodolea. Nikangoja kofi. Badala yake tumbo lake likaanza kutikisika, na kumbe anacheka, mkono mmoja umeshikilia mgongo.

"Umewapiga chenga maprofesa?"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wote. Mmoja anakwenda kupimwa macho."

"Yarabi." Akacheka hadi machozi, kisha machozi yakabaki kicheko kikaisha. Akayafuta kwa ncha ya gauni la mteja. "Basi hiyo ni kesi yako na hao wenye miwani. Watakufukuza, watakusamehe, mtajuana. Mimi nilidhani ulijua. Nilikuwa nimeshaanza kukuhesabia ugali uliokula kwangu."

"Nisamehe, dada."

"Kukosea kila mtu anakosea. Hata mimi nimewahi kukata suruali ya bwana harusi miguu isiyolingana. Njoo unitungie uzi, huyu mteja anakuja kesho."

Nikainama. Uzi ukaingia mara ya kwanza, bila kuulamba.

Hapo ningeweza kuishia. Nimesamehewa kwa nusu ya ukweli, na ile nusu niliyoitoa ilikuwa kweli tupu. Nilikiongeza baadaye, ndiyo. Nani angekuja kuniuliza kama kilikuwepo kabla sijakitoa? Kilikuwa kichwani mwangu tu. Nilibaki pale nimeinama, nikasikia mwili umekuwa mwepesi, na wepesi ule ulinitisha.

Cherehani ikaanza kuunguruma. Simu ya dada ikalia. Namba ngeni.

"Mke wangu," sauti ikasema, ya mbali, ina mikwaruzo.

Dada aliiangusha karibu aivunje. Akaiweka juu ya meza ya cherehani, akaifungua sauti yote.

"Unaongea wapi? Umekula?"

"Nimeazima simu ya mlinzi wa ghala, kijana mzuri huyu, anatuonea huruma. Kula tunakula vizuri, kulala ndiyo tunalala kama viazi. Tumbo halijambo?"

"Halijambo. Linapiga teke kila likisikia daraja."

"Liambie lisubiri baba yake. Shemeji yupo?"

"Yupo hapa, kainama."

"Shemeji, shikamoo." Ananiamkia hivyo kwa utani, tangu nilipopata kazi chuoni. "Umekuwa mkubwa huku. Kile kipande chako kimefika hadi ghalani, kinasomwa kama barua ya mzazi. Sasa mimi nikagombana na watu. Wanasema uliliona hili kabla. Nikawaambia haiwezekani, huyu alinitazama machoni akaniambia nenda, angekuwa ameliona angenikalia mbele ya tairi. Nimebisha hadi koo limenikauka. Sivyo?"

Kabla sijapumua, dada akaisogelea simu, anatabasamu. "Ndivyo, mume wangu. Alikiongeza baadaye. Kawapiga chenga maprofesa wake."

Shemeji akacheka, na nilisikia katika kicheko kile mzigo ukishuka. "Niliwaambia. Mimi namjua mtoto wetu. Haya, shemeji, sikiliza, mlinzi anataka simu yake. Huku tumegawanyika. Wengine wanataka tuache magari, jioni hii tuvuke kwa miguu, kule chini ya daraja maji yanapopungua. Wengine wanasema tusubiri, watafungua karibuni. Maji yenyewe si madogo, na askari wako ukingoni. Lakini mimi nataka kuwa nyumbani mtoto akifika. Wote wamekubaliana tukuulize wewe, maana ndiye unayewajua watawala. Ukisema tuvuke, tunavuka. Ukisema tusubiri, tunasubiri."

Dada akaacha kushona. Alinitazama kwa macho ambayo hayakuwa na hasira hata kidogo. Yalikuwa na matumaini.

Na mnajua, jibu nilikuwa nalo. Lilikuja lenyewe, limevaa vizuri. Mtawala anayefunga mlango ili aonekane, hufungua akishaonekana, kwa hiyo subirini. Sentensi nzuri, iliyonyooka. Nilisikia kabisa jinsi ambavyo ingesomwa pale ghalani, na wao wangetikisa vichwa. Nikaisikia pia mahali ilipoishia, na kile kifungu cha kujipinga ambacho kilipaswa kufuata, nami nilikuwa tayari nakiacha.

"Shemeji," nikasema. "Usinifuate mimi. Sijui."

"Si neno, sema tu unavyofikiri. Kufikiri kwako kunatutosha."

"Usiniambie hivyo. Waulize wanaoyajua maji hayo, waulize walinzi, mwulize huyo kijana mwenye simu. Usiwaambie watu nimesema mimi."

"Mbona unamkwepa?" dada akauliza.

Nikainuka. Maneno haya sikuyasema moyoni kwanza.

"Kwa sababu sikukiongeza baadaye. Nilikirudisha. Kilikuwepo tangu mwanzo, shemeji. Nilikiandika kabla hujaondoka, kila neno, mpaka la wale walio barabarani, halafu nikakitoa kwa mkono wangu. Kilinifanya nionekane sina hakika, na mimi nilitaka nionekane nina hakika. Uliponiuliza pale yadini ukiwa na rungu lako, nilikuwa nakikumbuka chote. Niliposema nenda, sikumaanisha kwamba njia ni salama. Nilimaanisha kwamba sitaki kuwa nimekosea."

Dada akautoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

Simu haikukatika. Nilimsikia shemeji akipumua, na nyuma yake, ndani ya lile ghala, sauti ya mtu akiuliza, "Anasemaje?"